KUPIGA PICHA YA SAYARI MSHTARII KWA DARUBINI NDOGO

(Maneno ya mazungumzo, yaandikwa hapa kama yalivyosemwa.)

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za sayari kubwa iitwayo Mshtarii, na jinsi mtu asiye mtaalamu, mwenye darubini ndogo nyumbani kwake, awezavyo kuipiga picha ya kufaa. Nasema picha ya kufaa, wala sisemi picha nzuri tu. Picha nzuri hupendeza macho, ikatundikwa ukutani. Picha ya kufaa ni ushahidi, na ushahidi waweza kutumiwa na watu ambao mpigaji hatawaona maisha yake yote. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu. Kabla sijamaliza nitawaonyesha watu wenye kazi za kawaida, mmoja mtunga programu za kompyuta na mwingine mwenye biashara ya samani, ambao waliona angani mambo yaliyokuwa hayajaonwa na majumba makubwa ya kutazamia nyota.

Sayari Yenyewe

Wengi wetu tumeiona Mshtarii pasipo kulijua jina lake. Ni ile nyota kubwa nyeupe, yenye umanjano kidogo, iwakayo kwa utulivu wala haimetimeti kama zifanyavyo nyota nyingine. Zuhura huishinda kwa mwangaza, walakini Zuhura hufuatana na jua jioni au alfajiri, wala haikai juu usiku wa manane. Basi ukitoka nje saa sita za usiku ukaona juu ya kichwa chako nyota nyeupe izishindayo zote, yaelekea sana kuwa ni Mshtarii.

Upana wake ni kilometa 143,000 hivi, yaani ingebidi dunia kumi na moja kama hii yetu zipangwe mstari mmoja ndipo zienee upana huo. Haina ardhi ya kukanyaga. Tuyaonayo ni mawingu yaliyo juu ya gesi nyingi. Tena, ingawa ni kubwa hivyo, hujizungusha yenyewe kwa muda usiotimia saa kumi. Kwa sababu ya mwendo huo wa kasi mawingu yake yamevutwa yakawa mistari myeupe na ya hudhurungi, mfano wa mistari ya kikoi. Upande wa kusini iko dhoruba moja kubwa iitwayo Doa Jekundu. Mwishoni mwa karne ya 19 urefu wa doa hilo ulikuwa yapata kilometa 40,000. Siku hizi haufiki hata nusu ya urefu huo. Kupungua huko kumejulikana kwa sababu watu walichora, wakapima na kupiga picha mwaka baada ya mwaka, kila mtu kwa zamu yake, bila kujua ni nani atakayezihitaji kumbukumbu zake.

Kando ya sayari hiyo kuna miezi minne mikubwa, ambayo Galileo wa Italia aliiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1610. Darubini aliyoitumia ilikuwa dhaifu, hata darubini nyingi za bei nafuu ziuzwazo leo ni bora kuliko ile. Miezi hiyo huonekana hata kwa darubini ya macho mawili ishikwayo mkononi, mradi mtu aiegemeze mahali isitikisike.

Adui Wetu ni Hewa

Pamoja na ukubwa wake, Mshtarii iko mbali mno. Hata inapotukaribia kabisa, umbali wake ni kilometa milioni 590 hivi, na nuru itokayo huko huchukua zaidi ya nusu saa kutufikia. Kwa hiyo huonekana ndogo sana. Chukua sarafu yenye upana wa sentimeta mbili na nusu, uiweke mbali kupita urefu wa uwanja wa mpira, yapata mita 115. Huo ndio ukubwa wa Mshtarii machoni petu. Katika duara dogo namna hiyo mpiga picha hutaka kuionyesha mistari ya mawingu, Doa Jekundu, na dhoruba nyingine zilizo ndogo zaidi.

Mtu asidhani kwamba kwa ajili hiyo ni lazima awe na darubini kubwa ya serikali. Kioo chenye upana wa inchi 6 au 8 chatosha kuyaonyesha mengi katika mambo hayo. Linaloharibu kazi kwanza si udogo wa kioo, bali ni hewa iliyo juu yetu. Hewa ya moto na hewa ya baridi hazikai mahali pamoja kwa utulivu. Huchanganyika na kusukumana, na nuru ipitayo katikati yake hupindishwa huku na huku.

Mfano wake ni sarafu iliyoanguka chini ya kijito cha maji safi. Ukiitazama toka ukingoni, waiona ikirefuka, ikafupika, ikapasuka vipande viwili, kisha ikawa moja tena. Sarafu yenyewe haikusogea. Yanayotembea ni maji. Walakini ukikaa kitako ukaitazama kwa saburi, mara moja moja maji hutulia kwa kitambo cha kupepesa jicho, na katika kitambo hicho waweza hata kuyasoma maandishi yake. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Katikati ya fujo hutokea nukta za utulivu, na elimu yote ya kupiga picha za sayari ni elimu ya kuzinasa nukta hizo.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya jicho na kalamu. Mtazamaji alikaa kwenye darubini, akangoja nukta ya utulivu, akachora alichokiona, akangoja tena. Kamera ya filamu haikuweza kungoja hivyo. Ilibidi ifunguliwe kwa sekunde nzima au zaidi ndipo nuru itoshe, na katika muda huo hewa ilikwisha kuchezacheza mara nyingi, picha ikatoka na ukungu. Ndiyo sababu kwa miaka mingi wachoraji hodari waliwashinda wapiga picha.

Shauri la Picha Elfu

Kamera za siku hizi zimeyabadili mambo hayo. Kamera ndogo, isiyozidi ukubwa wa ngumi, hutiwa nyuma ya darubini mahali pa lenzi ya jicho, ikaungwa na kompyuta kwa waya. Kamera hiyo hupiga picha mfululizo kama za sinema. Ikipiga picha 100 kwa kila sekunde, katika dakika mbili hupatikana picha 12,000. Nyingi ni mbovu, kwa kuwa zilipigwa wakati hewa ilipokuwa ikichafuka. Lakini miongoni mwake zimo zilizoangukia katika zile nukta za utulivu.

Hapo ndipo kompyuta ianzapo kazi. Ziko programu zipatikanazo bila malipo, kama AutoStakkert na RegiStax, ambazo huzipima picha zote, huzipanga toka iliyo safi kabisa mpaka iliyo mbovu kabisa, kisha hushika sehemu ndogo ya zile zilizo bora, tuseme moja katika kila kumi. Katika picha 12,000 hubaki 1,200. Hizo huwekwa moja juu ya nyingine sawasawa, zikafanywa kuwa picha moja. Chengachenga za kamera, ambazo katika kila picha huanguka mahali mbalimbali, hufutana zenyewe. Mambo ya kweli yaliyo katika sayari, ambayo katika kila picha yako mahali pamoja, hubaki na kuzidi kuonekana. Ni kama baraza la wazee wasikilizapo mashahidi wengi: upuzi wa huyu na upuzi wa yule haupatani, bali jambo walilokubaliana wote ndilo linalosadikiwa.

Mtu atauliza, kwa nini basi asipige kwa saa nzima, apate picha laki kadhaa? Jibu ni kwamba Mshtarii haitungoji. Kwa mzunguko wake wa kasi, alama iliyo katikati ya uso wake husogea upesi, na baada ya dakika mbili au tatu mawingu ya picha ya mwisho hayalingani tena na yale ya picha ya kwanza. Kwa hiyo mpigaji hupiga kwa dakika mbili, huacha, huandika saa, kisha huanza tena.

Taratibu za Usiku

Sasa niwaeleze kwa ufupi taratibu za kazi.

Kwanza, ni kuchagua majira. Kila baada ya miezi 13 hivi dunia yetu huipita Mshtarii, nayo ikawa upande wa pili na jua, ikichomoza wakati jua linapotua na kukaa angani usiku kucha. Wakati huo ndipo inapoonekana kubwa kuliko nyakati nyingine.

Pili, ni kuchagua mahali. Usiweke darubini juu ya saruji iliyokula jua mchana kutwa, wala usiitazame sayari juu ya paa la jirani penye moshi wa jiko, maana joto lipandalo hapo litaivuruga picha. Penye majani ni bora.

Tatu, darubini na itolewe nje saa moja au zaidi kabla ya kazi, ili kioo chake kipoe kikalingana na hewa ya usiku. Kioo chenye joto huchafua hewa ndani ya darubini yenyewe. Kisha vitazamwe vioo vyake viwili, kama vimeelekeana barabara. Darubini ya bei kubwa ambayo vioo vyake vimekwenda upande hushindwa na ya bei ndogo iliyotengenezwa vema.

Nne, kwa kuwa dunia yazunguka, sayari hukimbia upesi nje ya picha. Stendi yenye mota huifuata sayari polepole. Asiye na mota huiacha sayari ipite mbele ya kamera, akaisogeza darubini kwa mkono, akaiacha ipite tena. Programu huweza kuzikusanya picha hizo pia. Na asiye na kamera ya namna hiyo aweza kuanza kwa kushikiza simu ya mkononi nyuma ya lenzi ya jicho. Ataipata mistari miwili mikubwa ya mawingu, na miezi minne, na huo ni mwanzo mwema.

Tano, kila picha iandikiwe tarehe, saa, mahali, na ukubwa wa darubini. Juu ya saa yapasa tuangalie sana. Watazamaji wa dunia nzima huandika saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Tena sisi tuhesabupo saa kwa Kiswahili twaanzia machweo. Basi saa nne za usiku kwetu ni saa 22.00 kwa hesabu ya saa 24, na kwa Greenwich ni saa 19.00. Picha iliyoandikwa saa isiyo yake yaweza kuwapoteza watu kuliko picha isiyoandikwa kitu.

Na onyo moja kwa wenye watoto: darubini isielekezwe kwenye jua hata siku moja. Kulitazama jua ndani yake ni kulipofua jicho mara moja.

Faida ya Kukaa Karibu na Ikweta

Katika kazi hii mtu wa Kenya ana faida ambayo haikununuliwa kwa fedha. Sayari iliyo chini karibu na upeo wa macho hutazamwa kupitia hewa nyingi, na iliyo juu ya kichwa hupitia hewa chache. Mwaka 2019 Mshtarii ilikuwa upande wa kusini kabisa wa njia yake. Mtu aliyekuwa London, hata sayari ilipofika juu kabisa, aliiona kwenye digrii 16 tu juu ya upeo, karibu na mapaa ya nyumba. Usiku ule ule mtu aliyekuwa Nairobi aliipata kwenye digrii 69 hivi. Tena hali hiyo si ya mwaka mmoja. Kwa kuwa tuko karibu na mstari wa Ikweta, kila mwaka sayari hiyo hutupitia juu sana.

Picha ni Ushahidi

Sasa nafika katika jambo nililoahidi. Mwezi wa Julai 1994 vipande vya nyota yenye mkia iitwayo Shoemaker-Levy 9 viliipiga Mshtarii, vikaacha madoa meusi makubwa. Jambo hilo lilikuwa limetabiriwa, na darubini za dunia nzima zilielekezwa huko kungoja.

Miaka kumi na mitano baadaye hapakuwa na aliyengoja kitu. Usiku wa tarehe 19 Julai 2009, Anthony Wesley, mtunga programu za kompyuta, alikuwa nyumbani kwake Murrumbateman katika Australia, akipiga picha za Mshtarii kwa darubini yenye kioo cha inchi 14 na nusu. Hewa ilikuwa mbaya, naye alikaribia kufunga kazi. Alipumzika kwa muda wa nusu saa, kisha akarudi. Akaona karibu na ncha ya kusini doa linazunguka na kuja mbele. Mwanzo alidhani ni dhoruba ya kawaida. Lakini lilipozidi kuja mbele aliona kwamba ni jeusi kabisa.

Nawaomba muyaangalie mambo aliyoyafanya. Alijiuliza kama ni mmoja wa miezi ya Mshtarii, au kivuli cha mwezi. Akaona kwamba mahali pake na ukubwa wake havikubaliani na hayo. Kisha akazifungua picha zake mwenyewe za siku mbili zilizotangulia, akatazama mahali pale pale. Hapakuwa na kitu. Ndipo alipowaandikia wataalamu. Huko Hawaii, juu ya mlima wa Mauna Kea, wataalamu walielekeza darubini kubwa wakaliona doa lile, na tarehe 23 Julai darubini ya Hubble iliyoko angani ikalipiga picha. Kitu kilikuwa kimeianguka sayari, huenda jiwe lenye upana wa mamia ya mita, na mavumbi yake yalikuwa yametanda mahali pa maelfu ya kilometa.

Ni picha gani iliyotoa ushahidi? Ile yenye doa ilitangaza habari. Lakini ile ya siku mbili nyuma, isiyo na kitu cha ajabu, ambayo mtu mvivu angeifuta asubuhi yake, ndiyo iliyothibitisha kwamba doa ni jipya. Picha isiyo na habari leo yaweza kuwa shahidi mkuu kesho, mradi iliwekwa na iliandikiwa saa.

Tarehe 3 Juni 2010 Wesley huyo aliona katika Mshtarii mmweko wa nuru uliodumu kwa sekunde mbili hivi. Mmweko katika kamera moja waweza kuwa hitilafu ya kamera. Lakini katika visiwa vya Ufilipino, Christopher Go, mwenye biashara ya samani, alikuwa amepiga sayari ile ile usiku ule ule. Alipopata habari alizitazama picha zake, akaukuta mmweko mahali pale pale na kwa wakati ule ule. Mashahidi wawili, katika nchi mbili zilizotengwa na bahari, walikuwa wamepatana, na neno likathibitika. Ni Go huyo aliyeonyesha mwezi wa Februari 1906 + 100, yaani 2006, kwamba doa moja jeupe lililoundwa kwa kuungana kwa madoa matatu ya zamani lilikuwa limegeuka rangi na kuwa jekundu.

Kwa nini majumba makubwa hayakuwatangulia watu hawa? Si kwa uzembe. Darubini kubwa ni chache, na usiku wake hugawanywa kwa saa kwa wataalamu wengi, kila mmoja na shauri lake. Hakuna aruhusiwaye kuikalia sayari moja kila usiku kungoja jambo ambalo huenda halitatokea. Mwenye darubini ndogo yuko huru kufanya hivyo. Hata watu wa chombo Juno, kilichofika Mshtarii mwezi wa Julai 2016, waliwaomba wapiga picha wa nyumbani walete picha zao, ili zisaidie kujua hali ya mawingu ambayo kamera ya chombo hicho ingeyapitia.

Jaribu la Kutia Chumvi

Liko jaribu moja lililo kubwa kuliko hewa mbaya. Baada ya picha kuunganishwa, programu humruhusu mtu kuzidisha ukali wake. Akizidisha kwa kiasi, mambo yaliyofichika hudhihirika. Akipita kiasi, picha huanza kuonyesha yasiyokuwako: kando ya sayari hutokea ukingo wa uongo, vimistari huzaliwa, na chengachenga hugeuka kuwa madoa. Picha hiyo huenda ikawapendeza watazamaji kuliko ya kweli. Lakini mtu aliyetia chumvi katika ushahidi mara moja, hata akisema kweli siku nyingine, ni nani atakayemsadiki?

Dawa yake ni hii. Kabla hujatangaza jambo jipya, tazama kama limo katika picha zako za dakika chache kabla yake na baada yake, na kama linasogea pamoja na mzunguko wa sayari. Jambo la kweli husafiri na mawingu. Kosa la kamera hukaa mahali pake. Tena zihifadhi picha zako za asili, ili mwingine aweze kuitengeneza upya kazi yako na kuona kama atalipata ulilolipata.

Mabibi na Mabwana, nimekwisha. Mwalimu aliye shuleni, karani aliye mjini, na mkulima ambaye kijiji chake hakina taa za kuizimisha anga, kila mmoja wao aweza kuwa mlinzi wa sayari hii. Hataambiwa ni usiku gani jambo litatokea. Na akeshe kwa saburi, apige picha yake, aiandikie saa iliyo ya kweli, aihifadhi, wala asiongeze neno ambalo mbingu hazikulisema.